Sindano Mbili za Pepopunda: Ipi Inamfaa Nani, na Lini

Kila msimu wa kupogoa chai ukifika, swali hili hurudi. Linaulizwa Litein na Kapkatet, linaulizwa Silibwet na Mogogosiek, kwenye foleni ya kupima majani chai na kwenye benchi la zahanati: "Nimejikata na kisu cha kupogoa. Nikimbilie sindano ya tetanasi, au ile niliyodungwa mwaka juzi inatosha?" Wapo pia wanaorudi nyumbani na malalamiko ya aina nyingine. Wamedungwa sindano mbili siku moja, moja kila mkono, na wanashuku kwamba muuguzi alitaka tu kuongeza bili.

Muuguzi huyo huenda ndiye aliyefanya kazi yake sawasawa. Dhidi ya pepopunda zipo sindano mbili, na hazifanani hata kidogo. Wengi wanaoita kila kitu "sindano ya tetanasi" hawajui walipewa ipi, na kutojua huko ndiko kunakomfanya mtu mwenye jeraha baya arudi shambani akidhani amekingwa.

Sindano mbili, kazi mbili

Sindano ya kwanza ni chanjo. Ndani yake mna sumu ya pepopunda iliyokwisha kuvunjwa makali, isiyoweza kudhuru. Mwili huitazama, hujifunza kuitambua, kisha huanza kutengeneza kingamwili zake wenyewe. Masomo hayo huchukua muda. Mtu ambaye hajawahi kuchanjwa hapati kinga ya kutegemewa kwa dozi moja, anahitaji mbili au tatu, na baina yake zipite wiki na miezi.

Sindano ya pili haifundishi chochote. Ni kingamwili zenyewe, zilizokwisha kutengenezwa katika mwili wa mwingine, zikakusanywa, zikasafishwa, zikatiwa kwenye chupa. Zikiingia mwilini hupambana na sumu papo hapo. Ni kama kuazima jembe la jirani wakati lako bado liko kwa mhunzi: unalima leo, lakini jembe lina mwenyewe. Kingamwili za binadamu zilizoazimwa hivi hupungua kwa nusu kila baada ya wiki tatu au nne hivi, na baada ya miezi michache hakuna kilichobaki.

Ndiyo maana mtu mwenye jeraha baya na asiye na chanjo hupewa zote mbili siku moja. Ya kuazima inamlinda wiki hizi, na ya kufundisha inamlinda miaka ijayo. Hudungwa sehemu tofauti za mwili, kwa bomba tofauti, ili zisikutane na kuharibiana kazi.

Mbinu hii ya kuazima kingamwili ni ya zamani kuliko shamba la kwanza la chai Kericho. Desemba 1890, mjini Berlin, Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walitangaza kwamba damu ya sungura aliyezoeshwa sumu ya pepopunda, ikichujwa na majimaji yake yakadungwa panya, iliwakinga panya hao wasife. Behring alipewa Tuzo ya kwanza ya Nobel ya tiba mwaka 1901. Baadaye farasi walichukua nafasi ya sungura kwa kuwa farasi ana damu nyingi, na katika Vita Kuu vya Kwanza askari waliojeruhiwa kwenye mahandaki ya Ulaya, yaliyojaa matope na mavi ya farasi, walidungwa serumu hiyo. Visa vya pepopunda miongoni mwao vilishuka sana.

Adui anakaa wapi

Bakteria wa pepopunda wanaitwa Clostridium tetani. Katika udongo hulala wakiwa kama mbegu ngumu, na mbegu hizo hustahimili jua, baridi, na hata maji yanayochemka. Hupatikana pia kwenye utumbo na mavi ya ng'ombe, farasi na wanyama wengine.

Sasa litazame boma la kawaida la mkulima mdogo wa Bomet. Ng'ombe wawili wa maziwa wako kwenye zizi, shimo la samadi liko hatua chache kutoka hapo, majani ya nepia yamepandwa kando ya kijito, na chai imepandwa kuanzia ukuta wa jikoni hadi barabarani. Samadi hupelekwa bustanini kwa toroli. Panga linalokata nepia ndilo linalopasulia kuni. Na baada ya kupogoa, shamba zima hubaki na vigogo vilivyokatwa mshazari, vikali kama mikuki, huku matawi yaliyoanguka yakivificha. Mtu akiteleza hapo asubuhi kukiwa na umande, kijiti huingia kwenye nyayo au mguuni kikiwa na udongo wake.

Jeraha la namna hiyo ni dogo kwa nje na refu kwa ndani. Halitoki damu nyingi, wala hewa haifiki ndani yake. Bakteria huyu hukua mahali pasipo hewa. Kwa hiyo tundu la msumari lililosahaulika baada ya dakika tano linaweza kuwa hatari kuliko mkato mpana wa panga uliotisha nyumba nzima.

Kwa nini saa zinahesabika

Hili ndilo jambo ambalo wasomaji wengi hawajaambiwa, na lingestahili kubandikwa kwenye kila kituo cha kununulia majani chai.

Bakteria mwenyewe hubaki pale pale jerahani. Kinachosafiri ni sumu yake. Hiyo hushika ncha za mishipa ya fahamu, ikaingia ndani, ikapanda polepole hadi uti wa mgongo. Huko huzima breki za misuli. Misuli yenye breki mbovu hukaza na haiachii.

Kingamwili za kuazimwa hukamata sumu ambayo bado inaelea katika damu na karibu na jeraha. Sumu iliyokwisha kuingia ndani ya mshipa wa fahamu haishikiki tena. Hakuna sindano inayoitoa humo. Mgonjwa wa namna hiyo hubaki kutegemea dawa za kulegeza misuli, uangalizi wa usiku na mchana, pengine mashine ya kupumulia, hadi mishipa iote ncha mpya. Hilo huchukua wiki kadhaa.

Dalili za kwanza huonekana baina ya siku 3 na 21 baada ya kuumia, mara nyingi karibu na siku ya 8 au ya 10. Siku hizo za utulivu ndizo fursa. Anayesubiri "kuona kama itaanza" anaipoteza fursa yenyewe.

Dakika kumi za kwanza, ukiwa bado shambani

Kabla ya sindano yoyote, jeraha lioshwe. Hatua hii haina bei, na hakuna dawa inayochukua nafasi yake.

1. Osha mikono yako au ya anayekusaidia.
2. Mwaga maji safi yanayotiririka juu ya jeraha, ukitumia sabuni, kwa dakika kumi. Mtungi uliotobolewa kifuniko unatosha pale pasipo na mfereji.
3. Toa udongo, vibanzi na majani yanayoonekana. Kijiti kilichozama sana usikichokonoe, kiachie hospitali.
4. Funika kwa kitambaa safi kilichokauka.
5. Andika saa na tarehe, hata nyuma ya risiti ya kupimia chai. Utaulizwa.

Yapo mambo mengine hufanywa kwa nia njema, nayo huleta msiba. Usipake mavi ya ng'ombe, majivu, ugoro, udongo, mafuta ya taa wala majani yaliyotafunwa. Mavi ya ng'ombe hasa ni kumbebea adui mlangoni. Usilifunge tundu lenye kina kwa plasta inayobana hewa. Wala usikubali kushonewa jeraha chafu na mtu asiyelisafisha kwanza.

Kama ni mbwa aliyeuma, osha kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyo hiyo. Hapo hofu ni mbili, pepopunda na kichaa cha mbwa, na cha pili kina kingamwili zake za kuazimwa ambazo ni tofauti kabisa na hizi.

Nani anahitaji ipi

Daktari au muuguzi huamua kwa maswali mawili tu: jeraha ni la namna gani, na umepata dozi ngapi za chanjo maishani?

Jeraha dogo na safi, kwa mfano mkato wa kisu cha jikoni:

- Umemaliza dozi 3 au zaidi, na ya mwisho haijapita miaka 10: huhitaji sindano yoyote.
- Umemaliza dozi 3 au zaidi, lakini miaka 10 imepita: chanjo moja ya kuongeza nguvu.
- Hujamaliza dozi 3, au hukumbuki: chanjo, na upewe tarehe za kurudi.

Jeraha chafu au lenye kina, kwa mfano lililoingia udongo au samadi, la msumari au kijiti, la kuungua, la kupondwa na mashine ya kukatia nepia, au la mnyama:

- Dozi 3 au zaidi, na ya mwisho haijapita miaka 5: hakuna sindano ya ziada.
- Dozi 3 au zaidi, lakini miaka 5 imepita: chanjo moja.
- Chini ya dozi 3, au hukumbuki: chanjo pamoja na kingamwili.
- Unaishi na virusi vya ukimwi au una ugonjwa mwingine unaodhoofisha kinga sana: mwambie daktari, kwa sababu kingamwili zinaweza kuhitajika hata kama kadi yako imejaa.

"Hukumbuki" huhesabiwa kama "hukuchanjwa". Hakuna aibu katika jibu hilo. Aibu ya kukisia ndiyo inayodhuru. Mazungumzo yanayofaa huwa hivi:

"Mzee, ulichanjwa pepopunda lini mara ya mwisho?"

"Sista, nilidungwa kitu pale kiwandani, lakini sijui kilikuwa nini."

"Kadi unayo?"

"Sina."

"Basi tunaanza upya, na leo utapata mbili."

Uliza kabla ya kupanda bodaboda

Chanjo hupatikana karibu kila mahali penye kliniki ya watoto na akina mama wajawazito, kwa sababu friji ya chanjo ipo. Kingamwili ni habari nyingine. Bei yake iko juu, huharibika isipowekwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na zahanati ndogo nyingi hazina. Mtu anaweza kutoka Chebunyo hadi kituo cha kwanza, akadungwa chanjo peke yake kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo, akarudi nyumbani akiwa ametulia.

Piga simu, au mtume mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu apige. Maswali ni haya:

- Mnayo kingamwili ya pepopunda leo, au chanjo tu?
- Ni ya binadamu au ya farasi?
- Kama hamna, iko wapi iliyo karibu?

Hospitali kubwa ndizo za kuuliza kwanza: Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kericho, ile ya Kapkatet, Longisa upande wa Bomet, na hospitali za misheni kama Tenwek, Litein na Kaplong. Kuwa kubwa hakumaanishi kwamba dawa ipo siku hiyo, na ndiyo sababu ya kupiga simu. Uliza pia gharama, na kama bima yako inailipia. Wafanyakazi wa mashamba makubwa ya chai waanzie kliniki ya kampuni, na ajali iandikwe kwenye daftari siku ile ile. Maandishi hayo yatahitajika ikiwa kutakuwa na madai ya fidia.

Na ukiambiwa dawa itafika kesho? Pata chanjo leo, safisha jeraha leo, na uifuate dawa kesho asubuhi. Kuchelewa siku moja hakufungi mlango. Kwa jeraha lililokaa zaidi ya saa 24, au lililochafuka sana, kipimo cha kingamwili za binadamu huongezwa kutoka uniti 250 hadi 500.

Ya binadamu na ya farasi

Kingamwili za binadamu hutolewa kwenye damu ya watu waliojitolea ambao wamechanjwa vizuri. Damu hiyo hupimwa virusi, kisha husafishwa. Dozi moja ya kudungwa kwenye msuli hutosha, na mjamzito anaweza kuipata.

Ile ya farasi, ambayo vituo vingine bado huitumia, hufanya kazi. Tatizo ni kwamba mwili wa binadamu huitambua kama ngeni, hivyo huiondoa upesi zaidi na wakati mwingine huipinga kwa nguvu. Kipimo cha kawaida cha kukinga ni uniti 1,500. Ukipewa hii, hakikisha mambo manne:

- Umeulizwa kama una pumu, mzio wowote, au kama umewahi kudungwa serumu ya farasi, pamoja na ile ya nyoka, kwani dawa ya sumu ya nyoka nayo kwa kawaida hutengenezwa kwa damu ya farasi.
- Umefanyiwa jaribio la tone dogo kwanza.
- Dawa ya dharura, adrenalini, ipo karibu.
- Umekaa kituoni nusu saa baada ya kudungwa. Usikubali haraka ya mwenye bodaboda.

Siku 7 hadi 14 baadaye, homa, vipele na maumivu ya viungo vikitokea, rudi. Usidhani ni malaria ukajitibu mwenyewe dukani.

Jambo moja zaidi ambalo husahauliwa: mtoto aliyepewa kingamwili za binadamu asipewe chanjo ya surua hadi miezi mitatu ipite, kwa kuwa kingamwili hizo huweza kuizima chanjo ya surua. Mzazi ahakikishe imeandikwa kwenye kijitabu cha kliniki.

Makosa yanayorudiwa

*"Nilimeza antibiotiki, nimemaliza."* Antibiotiki huua bakteria. Sumu iliyokwisha kumwagwa haiguswi na kidonge chochote. Vidonge vya dukani havikingi mtu dhidi ya pepopunda.

*"Kila nikijikata nadungwa moja."* Huyu ana sindano sita maishani lakini hajui hesabu yake, na pengine ameumwa mkono bure. Chanjo ikirudiwa mara kwa mara bila sababu huvimbisha mkono vibaya. Mtu mzima asiyewahi kuchanjwa ana mpango wa dozi tano: ya kwanza leo, ya pili baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6, ya nne baada ya mwaka, ya tano baada ya mwaka mwingine. Akimaliza, ana kinga ya miaka mingi sana, na swali la kingamwili huenda lisimhusu tena. Akikosa tarehe moja, aendelee alipoachia. Hakuna kuanza upya ikiwa kadi ipo.

*"Kisu hakikuwa na kutu."* Kutu si mkosaji. Msumari mpya uliodondoka kwenye samadi ni hatari, na msumari wenye kutu uliokuwa ukutani miaka kumi unaweza usiwe na kitu. Angalia uchafu na kina.

*"Niliwahi kuugua pepopunda, sasa nina kinga."* Kosa hili ni la hatari na husikika kwa watu wenye akili zao. Kiasi cha sumu kinachoweza kuua ni kidogo mno kuufundisha mwili. Aliyepona pepopunda aanze chanjo kabla hajaruhusiwa kutoka wodini.

*"Nimechanjwa leo, nimelindwa leo."* Hapana, kama ni dozi ya kwanza. Na hapo ndipo ile ya kuazima inapohitajika.

"Lakini si walisema chanjo ile ina mambo?"

Swali hili huja kwa sauti ya chini, mara nyingi kutoka kwa mama aliyemleta binti yake. Lijibiwe bila dharau.

Mwaka 2014 Baraza la Maaskofu Katoliki la Kenya lilidai kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa katika kampeni ya wanawake wa umri wa kuzaa ilichanganywa na homoni ya ujauzito ili kuwafanya tasa. Wizara ya Afya ilikanusha. Shirika la Afya Duniani na UNICEF nayo yalitoa tamko kwamba chanjo ni salama. Mzozo uliingia makanisani na kwenye vipindi vya redio, na hofu yake bado inasikika katika vijiji ambavyo hata havikuwa sehemu ya kampeni.

Kilichowatia watu wengi wasiwasi ni swali la haki kabisa: kwa nini wanawake tu? Jibu lake limo ndani ya mada hii hii ya kuazima. Mama aliyechanjwa hupitisha kingamwili zake kwenye kondo hadi kwa mtoto aliye tumboni. Mtoto huzaliwa akiwa amekopeshwa kinga na mamake, kabla mwili wake haujajua kutengeneza yake. Kitovu kikikatwa kwa kiwembe kichafu, au kikapakwa kitu, kingamwili za mama ndizo zinazoisubiri sumu ya bakteria hapo. Hakuna hospitali inayoweza kumpa mtoto zawadi hiyo kwa urahisi namna hiyo. Kenya leo imo miongoni mwa nchi zilizothibitishwa kuondoa pepopunda ya wajawazito na watoto wachanga kama tishio la afya ya umma, na chanjo ya akina mama ni sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Kuondoa tishio si kumwondoa bakteria. Yeye yuko pale pale kwenye samadi. Mama akiona mtoto wake mchanga alinyonya vizuri siku mbili za kwanza, kisha kuanzia siku ya tatu akashindwa kufungua mdomo na mwili ukakakamaa, asingoje asubuhi.

Dalili za kukimbilia hospitali

Kwa mtu mzima, kwa kawaida hazianzi pale palipoumia. Huanza juu:

- taya kukaza, mtu akashindwa kuuma hata ugali laini;
- shingo ngumu na ugumu wa kumeza;
- uso kujivuta kama wa mtu anayelazimishwa kucheka;
- tumbo gumu kama ubao;
- mgongo kupinda nyuma, na mishtuko ya misuli inayoletwa na kelele, mwanga au mguso.

Akili ya mgonjwa hubaki timamu. Anasikia kila kitu, na anahisi kila mkazo. Familia nyingi hudhani ni kifafa au uchawi kwa sababu ya mishtuko hiyo. Asilazimishwe kunywa uji wala dawa, maana atapaliwa. Safari iwe ya gari, si ya pikipiki, na ndani ya gari pawe kimya. Mwambieni daktari kuhusu jeraha lolote la wiki tatu zilizopita, hata lililokwisha kupona.

Hospitalini atapewa kingamwili hata sasa, ili zikamate sumu ambayo bado haijaingia kwenye mishipa. Jeraha litafunguliwa na kusafishwa. Chumba kitakuwa na mwanga hafifu, na jamaa wataombwa wasije kwa wingi. Wasikasirike. Kelele za wageni kumi kando ya kitanda zinaweza kumletea mgonjwa mshtuko unaomzuia kupumua.

Wapo wengine wenye sumu

Pepopunda si peke yake. Dondakoo nayo hutibiwa kwa kingamwili dhidi ya sumu, na mwaka 2023, ilipolipuka Nigeria na nchi jirani, dawa hiyo ilikuwa adimu duniani kote. Sumu ya botulizimu, inayotokana na chakula kilichohifadhiwa vibaya, ina yake. Hata kimeta, kinachojulikana na wafugaji, kimetengenezewa kingamwili za maabara, ingawa hizo hazipo kwenye friji za hospitali zetu za kawaida. Kwa dondakoo kanuni ya saa ni ile ile, na kinga ya utotoni ni ile ile: chanjo ya mtoto ya wiki 6, 10 na 14 inabeba pepopunda na dondakoo pamoja.

Wanaume, na vijana wa Desemba

Mwanamke wa Kericho aliyepitia kliniki ya wajawazito mara tatu ana kadi, na kadi ina dozi. Mumewe, anayeshika panga, jembe na kisu cha kupogoa kila siku, pengine hana hata moja. Mpango wa taifa wa chanjo za watoto ulianza Kenya mwaka 1980, na aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hakuwahi kuguswa. Aliyezaliwa baadaye alipata zile tatu za utotoni, na hakuna aliyemwita tena. Hilo ni pengo, na wanaolilipia ni wanaume wenye nguvu zao. Mpogoaji aende zahanati wiki hii, akiwa mzima, aombe dozi ya kwanza na kadi ya kuiandikia.

Wa kufikiriwa kabla ya wote ni wavulana wanaojiandaa kwa tumdo, jando la Kipsigis, likizo ya Desemba. Tohara ni jeraha, hata ikifanywa na daktari kwa kisu safi, na kijana hurudi kukaa menjo, kibanda cha waliotahiriwa, siku nyingi akiuguza kidonda hicho. Katikati ya miaka ya 2010, Shirika la Afya Duniani lilichunguza visa vya pepopunda vilivyofuata tohara katika nchi kadhaa za Afrika, na baadhi ya waliougua walikuwa wamepaka vitu vya kienyeji kwenye kidonda. Wazazi wa Kipsigis hawahitaji kuacha mila ili kumlinda mtoto. Wanahitaji kalenda:

- Dozi ya kwanza: likizo ya Agosti, kijana akiwa nyumbani.
- Dozi ya pili: shule zikifungwa muhula wa tatu, na iwe imepita wiki 4 au zaidi tangu ya kwanza.
- Tohara: isipungue wiki 2 baada ya dozi ya pili.
- Kadi: ikabidhiwe kwa mlezi atakayekaa na vijana, pamoja na nambari ya simu ya hospitali iliyo karibu.
- Kidonda: hakuna kitakachopakwa bila ruhusa ya aliyemtahiri.

Aliyeipitisha Agosti bado anaweza kuanza Oktoba mwanzoni, kwa ruhusa ya mwalimu, na kusogeza tohara mbele kidogo. Wazee wa kijiji wakielezwa mapema, wiki mbili za kungoja hupangwa bila ugomvi.